Watchmen ni ya Nani? Kufumbua Ubishi Kuhusu Kazi ya Alan Moore

Ukitaka kuwachokoza mashabiki wa komiki wa Kisumu, waulize tu kama ni halali kununua hadithi za komiki ya Watchmen ambazo mwandishi wake wa kwanza, Alan Moore, hakuziandika. Ubishi utawaka pale pale. Mmoja atasema jamaa aliporwa. Mwingine atamjibu, "Omera, alitia saini mwenyewe, nani alimshika mkono?" Wa tatu atakumbusha kwamba Moore naye alijijengea jina kwa kutumia wahusika wa watu wengine. Nimeusikia ubishi huu Oile Park na nimeusikia Dunga tukingoja samaki, na kila mara naona watu wanabishania mambo matatu wakidhani ni moja: nani alitunga kazi, nani anaimiliki kwa mujibu wa sheria, na nani ana haki ya kusema kazi hiyo ifanyiwe nini baadaye. Majibu ya maswali hayo hayafanani. Ndiyo maana wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli na bado wasisikilizane.

Moore alizaliwa 1953 huko Northampton, Uingereza, na huko ndiko alikofanyia kazi maisha yake yote. Alianza kuvuma kwao kupitia jarida la Warrior, ambalo kuanzia 1982 lilichapisha V for Vendetta, kazi aliyoifanya na mchoraji David Lloyd. Mwaka 1983 kampuni ya DC ya Marekani ikampa Swamp Thing, komiki iliyokuwa inasuasua sokoni. Hadithi hiyo ilikuwa ya mwanasayansi aliyegeuka zimwi la kinamasi na kutafuta njia ya kurudi kuwa binadamu. Moore alipoishika, katika matoleo yake ya mwanzo kabisa, akafichua kwamba mwanasayansi yule alikufa zamani. Zimwi ni mmea uliomeza kumbukumbu zake na kujidhania kuwa mtu. Kwa hiyo hakuna ubinadamu wa kurudia. Wahusika ni wale wale, matoleo ya nyuma hayakufutwa hata moja, lakini kila ulichokuwa umesoma kikabadilika maana. Anayempenda Moore kwa kawaida anampendea hilo.

Kisha ikaja Watchmen, matoleo 12 yaliyotoka 1986 na 1987. Marekani ya kubuni, mwaka 1985: mashujaa wa kuvaa mavazi ya ajabu wamepigwa marufuku kwa sheria, vita vya nyuklia na Urusi vinanukia, na mmoja wa mashujaa wa zamani anarushwa dirishani akafa. Kutoka hapo hadithi inatanuka hadi kuuliza kama mtu mwenye nguvu anaweza kuaminiwa hata anapodai anaokoa dunia.

Swali la kwanza basi: nani aliitunga? Wengi hujibu "Moore" bila kufikiri, na hapo ndipo ninapowaomba wafungue ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza. Fremu ya kwanza, yaani kisanduku cha kwanza cha picha, ni beji ya manjano yenye uso unaotabasamu, imelala kwenye mtaro wa barabara, imelowa damu. Katika kila fremu inayofuata jicho linapanda juu. Tunamwona mtu akisafisha damu kwa maji, mtu mwingine mwenye bango la kutangaza mwisho wa dunia akipita hapo hapo na kuikanyaga (mshike uso wake, utauhitaji baadaye), kisha paa za magari, kisha watu wadogo kama sisimizi, mpaka tunafika dirisha lililovunjika orofani. Pembeni yanakwenda maneno ya shajara ya mtu tusiyemwona, mtu mwenye chuki na mji mzima. Maneno yanaudharau mji kutoka juu wakati jicho linapanda juu. Mwandishi peke yake hawezi kukupa jambo hilo, na mchoraji peke yake hawezi.

Mchoraji ni Dave Gibbons. Skripti ya toleo la kwanza aliyotumiwa na Moore ilikuwa na kurasa 101 zilizopigwa chapa kwa kubananishwa, bila hata nafasi kati ya maelezo ya fremu moja na nyingine. Gibbons amesimulia kwamba jambo la kwanza alilofanya ni kuziwekea nambari kurasa hizo, maana zikimwanguka asingeweza kuzipanga tena. Halafu akapitia kwa kalamu ya rangi kutenga kile hasa cha kuchorwa na yale yaliyobaki, mazungumzo ya Moore kuhusu hali ya hewa, mwanga, mawazo ya mhusika, vitu vilivyo mezani. Mtu akisikia kurasa 101 anadhani mchoraji alikuwa mkono wa kutumwa tu. Sivyo. Kuugawa ukurasa katika fremu tisa zinazolingana, safu tatu za fremu tatu tatu, ni jambo ambalo Gibbons ndiye aliyelipendelea, na Moore akalikubali kwa sababu lilimpa uwezo wa kupima muda kama mpiga ngoma: fremu tisa ni mapigo tisa, ukiziunganisha tatu kuwa moja msomaji anavuta pumzi. Na ile beji ya manjano, ambayo leo ndiyo nembo ya kitabu kizima, Gibbons aliiweka kwenye vazi la mhusika anayeitwa Comedian ili kulipunguzia uzito. Tone la damu likaongezwa baadaye. Naye John Higgins, aliyetia rangi, alikimbia nyekundu, samawati na manjano za komiki za kawaida za mashujaa, akaegemea zambarau, kijani na hudhurungi. Ndiyo maana kitabu kinaonekana kama mji wa usiku wenye taa mbovu.

Sura ya tano ndiyo ninayompa mtu anayesema komiki ni za watoto. Mpangilio wa ukurasa wa kwanza ni kioo cha ukurasa wa mwisho, wa pili ni kioo cha ule unaoutangulia wa mwisho, na kuendelea hivyo hadi kurasa mbili za katikati zinazotazamana. Sura hiyo inamhusu Rorschach, mtu anayevaa kitambaa usoni chenye madoa ya wino yanayolingana kulia na kushoto. Umbo la sura limekuwa uso wa mhusika. Jiulize mwenyewe hapo mwandishi anaishia wapi na mchoraji anaanzia wapi.

Na kuna yule muuza magazeti. Karibu kitabu chote anaonekana kwenye kona yake akizungumza siasa na vita na kila anayepita, na kando yake kijana ameketi chini anasoma komiki ya maharamia. Mtu yeyote anayepita Oginga Odinga Street asubuhi anamjua muuzaji huyo. Kwa matoleo mengi unadhani wawili hao ni mapambo. Wakija kutazamana mwishoni, utagundua kwamba umeishi nao kuliko ulivyoishi na mashujaa, na kwamba watunzi walikuwa wanakuandaa kwa ajili ya fremu chache tu. Katika kitabu kizima, mimi fremu hizo ndizo zinazonikaa moyoni.

Kwa hiyo Watchmen ilitungwa na watu wawili, na wa tatu wa rangi. Si kila komiki imetengenezwa hivyo. Kule kampuni ya Marvel miaka ya 1960, mwandishi Stan Lee alikuwa anampa mchoraji muhtasari wa kisa, pengine kwa mdomo tu, mchoraji anakwenda kuchora kurasa zote na kuamua mwenyewe nini kitokee lini, halafu Lee anajaza maneno kwenye viputo. Kwa toleo moja la Fantastic Four la 1966, mchoraji Jack Kirby alirudisha kurasa zikiwa na mhusika ambaye Lee hakumwomba kabisa, mtu wa fedha aliyesimama juu ya ubao angani. Ndiye Silver Surfer. Majina yaliyoandikwa mwanzoni mwa komiki kwa hiyo hayakuelezi kazi ilivyogawanywa. Bill Finger alibuni sehemu kubwa ya Batman akiwa na Bob Kane, akafa 1974, na jina lake likaanza kuwekwa rasmi pamoja na la Kane mwaka 2015.

Swali la pili ni la umiliki, na hapa ndipo penye kidonda.

Desturi ya kampuni kubwa za Marekani ilikuwa kununua kila kitu moja kwa moja. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki zote za Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Moore na Gibbons walidhani wamepata afadhali. Mkataba wao na DC ulisema kwamba haki za Watchmen zingewarudia wao wawili endapo kampuni ingeacha kuichapisha kwa muda uliowekwa. Ni kama kumkodishia mtu shamba kwa masharti kwamba siku atakapoacha kulima, shamba linarudi kwako. Wakati huo masharti hayo yalikuwa mazuri kweli, kwa sababu komiki haikuwa kitu cha kudumu: toleo linakaa dukani mwezi mmoja, linatoweka, mwisho. Hakuna aliyetarajia DC iendelee kulima shamba hilo kwa miaka mitatu, sembuse arobaini.

Lakini mwaka 1987 matoleo 12 yakafungwa pamoja kuwa kitabu kimoja, kitabu kikauzwa kwenye maduka ya vitabu vya kawaida, na hakijawahi kuacha kuchapishwa tangu siku hiyo. Soko la vitabu vya namna hiyo lilikuwa changa sana, na Watchmen yenyewe ni mojawapo ya kazi zilizolikuza. Yaani ubora wa kazi ndio uliowanyima watunzi haki ya kuipata tena. Ingekuwa mbaya, ingekuwa yao.

Anayesema "alitia saini mwenyewe" yuko sahihi kwa herufi. DC haikuvunja kifungu hicho. Anayesema "aliporwa" anaongelea kitu kingine: makubaliano yalikuwa na maana fulani siku yalipofanywa, soko likabadilika, na upande wenye nguvu ukachukua faida yote ya mabadiliko hayo badala ya kurudi mezani. Mimi niko na huyu wa pili, ingawa najua mahakamani angeshindwa.

Yakaongezeka na mengine. DC iliuza beji za Watchmen na kuzihesabu kama vitu vya matangazo, kwa hiyo watunzi hawakulipwa mrabaha wa beji hizo. Mwaka 1987 ukazuka mgogoro juu ya mpango wa kuziwekea komiki alama za umri wa wasomaji, na Moore akaamua kutoifanyia DC kazi mpya baada ya kumaliza V for Vendetta. Miaka kumi hivi baadaye akaanza kazi na WildStorm, nyumba huru ya uchapishaji, na DC ikainunua WildStorm. Filamu zilipokuja alitaka jina lake lisiwekwe na akaomba fungu lake la fedha wapewe wachoraji. Ukitazama majina ya filamu ya Watchmen ya 2009 utamwona Gibbons peke yake. Marvel ilipochapisha upya Miracleman, kazi aliyoiandika miaka ya 1980, palipotakiwa jina lake pakawekwa "Mwandishi wa Asili" tu. Na mwaka 2010 alisema hadharani kwamba DC ilikuwa tayari kumrudishia haki za Watchmen akikubali hadithi za kutangulia na za kuendeleza ziandikwe, naye akakataa. Hadithi hizo zikatoka hata hivyo: Before Watchmen mwaka 2012, na nyingine zikafuata.

Hapo anaingia yule wa tatu, na hoja yake inastahili kujibiwa kwa heshima maana ina nguvu. Swamp Thing iliumbwa na Len Wein na Bernie Wrightson mwaka 1971, si na Moore. Miracleman alitokana na Marvelman wa Mick Anglo wa 1954, ambaye naye alibuniwa baada ya komiki za Captain Marvel kukatika kwa sababu ya kesi ya hakimiliki Marekani. Watchmen yenyewe Moore aliipendekeza kwanza kwa kutumia mashujaa wa kampuni ya Charlton ambao DC ilikuwa imewanunua. Mhariri Dick Giordano alipoona kwamba wangeharibika hadi wasitumike tena, akamwambia abuni wapya. Rorschach ukimvua kitambaa ni mtoto wa The Question wa Steve Ditko. Doctor Manhattan anatokana na Captain Atom. Nite Owl anatokana na Blue Beetle. Ditko naye alikuwa mchoraji wa kulipwa kwa ukurasa. Na Len Wein, yule yule muumbaji wa Swamp Thing, aliyemwita Moore Marekani na akawa mhariri wa Watchmen, ndiye mmoja wa walioandika Before Watchmen. Ni kwa msingi gani Moore amwambie Wein asiguse?

Rafiki yetu mmoja anayechora matatu kule Kondele huwa analeta mfano wa Lwanda Magere, shujaa wa hadithi za Waluo. Kila bibi ana masimulizi yake: mwili wa jiwe, mikuki inateleza, mke anayetoka kwa maadui anagundua kwamba uhai wake uko kivulini, mkuki unachomwa kivuli. Kisa chake kimesimuliwa kwa mdomo, kwa igizo, kwa picha, na hakuna aliyewahi kusema msimulizi wa kwanza pekee ndiye halali. "Sasa hawa Wazungu," husema, "mbona wanaona uchungu hadithi ikiendelezwa?"

Nadhani jibu liko hapa. Lwanda Magere hakuuzwa na mtu mmoja kwa kampuni moja. Ni mali ya jamii, na sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inaitambua mali ya namna hiyo kuwa ya jamii yenyewe. Kusimulia upya hakumnyang'anyi mtu chochote alichoahidiwa. Before Watchmen ilitoka watunzi wakiwa hai, mmoja wao akiipinga waziwazi, na mwenye kufaidika ni kampuni iliyoshika haki ambazo wote wawili waliamini zitarudi. Kwa Swamp Thing na wale wa Charlton, kosa la kuwaacha waumbaji bila umiliki lilikuwapo pia, na Moore alinufaika nalo. Hilo halimfanyi kuwa mnafiki machoni pangu. Linaonyesha tu kwamba aliingia nyumba iliyojengwa hivyo tangu Superman, na akatoka akiwa ameshakula humo. Gibbons, kwa upande wake, hakuipiga vita Before Watchmen. Alitoa kauli ya upole ya kuwatakia heri waandishi na wachoraji wake. Watu wawili waliotunga kitu kimoja hawakukubaliana juu ya kifanywe nini. Anayesema "tuheshimu matakwa ya mtunzi" lazima aseme ni mtunzi yupi.

Swali hilo la tatu, la nani aseme kazi ifanyiwe nini, sheria ya Marekani haiwajibu wanakomiki. Yetu inajaribu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 32, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima, na haki hizo zinabaki kwake hata baada ya kuuza haki za kipato. Moore angekuwa anafanya kazi yake hapa, angekuwa na mahali pa kuanzia.

Ila kifungu kinachotangulia ndicho ambacho wachoraji wetu wengi hawajakisoma. Kifungu cha 31 kinasema kazi ikiagizwa na mtu, au ikifanywa na mwajiriwa kazini, hakimiliki inahesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Fikiria kijana wa Kisumu anayechorea shirika komiki ya kurasa 16 kuhusu malaria. Anabuni muuguzi mcheshi, watoto wanampenda, mwaka unaofuata muuguzi yuko kwenye mabango na fulana kote Nyanza. Kama hakukuwa na makubaliano yoyote tofauti, muuguzi si wake tena, na hana hata kile kifungu cha kurudishiwa ambacho Moore na Gibbons walikuwa nacho.

Makubaliano hayo hayahitaji kurasa 101. Yanahitaji kusema aliyeagiza ananunua nini hasa: kuchapisha nakala ngapi, kwa lugha zipi, kwa miaka mingapi; wahusika wanabaki kwa nani; fulana, filamu na matoleo ya simu yatajadiliwa upya. Na kama kutakuwa na sharti la haki kurudi, lisifungwe kwenye swali la kama kitabu bado kinapatikana, kwa sababu faili iliyo kwenye intaneti inapatikana milele. Lifungwe kwenye mauzo: nakala zikishuka chini ya idadi fulani kwa mwaka, au miaka kadhaa ikipita, haki zinarudi kwa mwandishi na mchoraji kwa pamoja, majina yote mawili yakiwa yameandikwa.